Tamasha la filamu fupi shehiani kwako: mwongozo kwa anayeanza na projekta ya kuazima

Swali huja kwa sauti tofauti lakini ni lilelile. Kijana amepiga filamu ya dakika saba kwa simu, kaihariri kwa simu hiyohiyo, kawaonyesha wenzake maskani, wamecheka, imekwisha. Sasa anataka watu waione kwenye kitambaa kikubwa. Anawajua wengine wanne au watano, mmoja Wete, wawili Chake, mmoja Ng'ambo ya Mjini, wenye filamu zilizolala kwenye simu. "Kaka, tunaanzia wapi? Kibali tunaomba kwa nani? Projekta ya namna gani?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Leo nayaandika yote pahala pamoja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Tamasha kubwa tunalo: ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, lilianzishwa 1997, la kwanza likafanyika 1998, na wengi wetu tuliiona filamu ya kwanza ya maana tukiwa tumekaa kwenye ngazi za mawe ndani ya Ngome Kongwe. Usijaribu kuliiga. Unachotaka wewe ni usiku mmoja, filamu nane, watu mia mbili juu ya majamvi, na kila aliyetengeneza filamu asimame mbele yao aulizwe maswali. Hilo la mwisho ndilo linalolitenga tamasha na kibanda umiza. Spika mbovu watu watakusamehe. Ukiondoa maswali na majibu, umewaonyesha video tu, na video wanazo kwenye simu zao.

Kabla hujaanza, hakikisha unaweza kupata hivi:

- Projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha wingi wa mwanga) au zaidi. Usinunue. Skuli, taasisi na wapiga picha za harusi wanazo. Azima au kodi.
- Kompyuta moja ya kuchezea filamu, na ya pili ya akiba.
- Spika mbili zenye amplifaya ndani yake, miksa ndogo ya kurekebishia sauti, maiki mbili za mkononi.
- Jenereta ya kVA 2 na mafuta ya saa nne.
- Ekstensheni tatu ndefu, waya wa HDMI (wa kutoa picha kwenye kompyuta kwenda kwenye projekta) wa mita 10 au zaidi, solotepu pana, tochi.
- Flashi mbili na diski moja.
- Ukuta mweupe, au kitambaa cha mita 3 kwa 1.7.
- Majamvi. Pemba hili halina shida: kila nyumba yenye mikarafuu ina majamvi ya kuanikia.
- Wiki nane. Ukisema utafanya kwa wiki tatu, utafanya bila vibali, na hapo mimi simo.

Zulia jekundu, fulana zenye nembo na mgeni rasmi wa kutoka mbali haviko kwenye orodha, na si kwa kusahau.

1. Tafuta watu watano

Mmoja wa vibali na wazee, mmoja wa filamu zenyewe, mmoja wa mitambo, mmoja wa fedha na chakula, mmoja wa kuongoza usiku ule. Angalau wawili wawe wanawake, na mmoja wao awe mtu mzima anayesikilizwa mtaani, kwa sababu yeye ndiye atakayewaambia kina mama wenzake kwamba pahala pale panafaa kuja na watoto. Neno lake litakuletea watu kuliko bango lolote.

2. Chagua usiku kwa kuangalia watu, halafu mbingu

Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea. Mwaka wa kwanza tulichagua mwezi ishirini na nane, usiku wa giza totoro, kwa kuogopa mbaamwezi isije ikatufutia picha. Kijiji kile ni cha dagaa. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako baharini na taa zao, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Basi tukapata picha safi kabisa, mbele yake wakiwa watoto, bibi zao na mbuzi wawili. Vijana tuliowaandalia tamasha tuliwaona kwa mbali: taa zimejipanga baharini kama mji mwengine.

Baadaye ndipo nikakaa kufanya hesabu. Mwezi mpevu hautoi hata luksi moja ya mwanga, yaani lumeni moja juu ya mita moja ya mraba. Projekta ya lumeni 3,000 ikitandaza picha ya upana wa mita 3 humwaga luksi mia tano na zaidi juu ya kitambaa. Mwezi hauna ubavu huo. Kinachofuta picha ni taa ya barabarani, na ile taa kali ya ulinzi juu ya paa la skuli ambayo hakuna anayejua swichi yake iko wapi. Kwa hivyo, kijiji cha wavuvi kipe mwezi kumi na tatu hadi kumi na sita kwa hesabu ya Kiislamu. Wanaume wapo nyumbani, na watu watarudi makwao kwa mbaamwezi bila tochi.

Tarehe nyengine za kukwepa ni hizi. Ramadhani yote. Mfunguo Sita, kwa sababu kila wikiendi kuna maulidi na hutashindana nayo, wala hupaswi. Masika, Machi hadi Mei. Msimu wa karafuu ukipamba moto, watu wako mashambani na majamvi yamejaa. Msimu ukiisha watu wana nafasi na wana senti za kununulia bajia. Usiku wa kuamkia Ijumaa waachie wenye dhikri. Angalia na ratiba ya mpira: ligi ya Ulaya ikicheza Jumamosi usiku, sogeza mbele.

Anza saa 2:00 usiku, baada ya Isha. Jua letu huzama mapema mwaka mzima, kwa hivyo saa hiyo giza lipo tayari.

3. Vibali: anza chini, panda juu

Nenda kwa sheha kwanza. Ukimruka ukaenda wilayani, barua itarudishwa kwake na utamkuta ameshanuna, na ana haki. Nenda na mtu mzima mmoja wa mtaa. Amkia, kaa, kahawa ikiletwa kunywa, ndipo utoe barua. Iwe ukurasa mmoja: nani anaandaa, wapi, lini, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, nani wa kupigiwa simu kukitokea jambo.

Halafu Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU. Filamu ya kuonyeshwa hadharani Zanzibar lazima ipite kwao ikaguliwe. Wapelekee orodha na filamu zenyewe zikiwa zimeshakamilika, na uwape muda. Kosa linalojirudia: mtu ana karatasi ya Bodi ya Filamu Tanzania, anadhani amemaliza. Ile ni ya Tanzania Bara. Huku mamlaka ni nyengine.

Baada ya hapo wilaya na kituo cha polisi kwa ajili ya mkusanyiko, na mwalimu mkuu kama unatumia uwanja wa skuli. Kuna kibali kimoja ambacho hakimo kwenye sheria yoyote lakini usikiache: zungumza na imamu wa mskiti ulio karibu. Muulize kama kuna darsa usiku ule, na umwambie ni saa ngapi utazima spika. Mara nyingi jibu ni "hakuna neno, mwanangu", lakini kuulizwa na kutoulizwa ni mambo mawili.

Weka nakala za barua zote kwenye faili moja na uje nalo usiku ule.

4. Toa mwito wa filamu, na kanuni ziwe chache

Zangu ni hizi: filamu isizidi dakika 10, mtengenezaji awe wa Unguja au Pemba, iwe kazi yake ya kwanza, ya pili au ya tatu, na awepo mwenyewe usiku ule. Lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani inakubalika. Kitumbatu, Kikae, Kipemba cha ndani ndani, yote sawa. Kijana akiniambia ameigiza kwa "Kiswahili cha redio" ili ieleweke, huwa namrudisha akarudie, kwa sababu mabibi zetu hawazungumzi kama taarifa ya habari na watazamaji wanalijua hilo ndani ya sekunde tano.

Mwambie kila mmoja alete faili la MP4 lililobanwa kwa H.264, ukubwa wa picha 1920 kwa 1080, picha ikiwa imelala na si kusimama. Kwa dakika 10, kiasi cha megabiti 20 kwa sekunde kinatosha sana; faili litakuwa na GB 1.5 hivi.

Angalia hapa: akikutumia kwa WhatsApp kama video ya kawaida, programu huibana na picha hufika imechakaa. Aitume kama nyaraka, ambayo inapokea hadi GB 2, au alete flashi kwa mkono. Ya Unguja ipande boti na mtu unayemwamini mpaka bandari ya Mkoani, huku Pemba. Bado ni njia nzuri kuliko intaneti ya jioni.

Pamoja na filamu, dai karatasi iliyotiwa saini yenye mambo mawili. La kwanza, muziki ni wake au ana ruhusa. Wengi hubandika taarabu ya zamani chini ya mazungumzo wakidhani wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Mara nyingi unaye, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo kwa ajili hiyo. Mpe njia nyepesi: amtafute mpiga gambusi au kidumbaki wa mtaani, amrekodi dakika tatu, amtaje mwishoni. La pili, waliomo kwenye picha wamekubali, na mtoto amekubaliwa na mzazi wake. Kuna mwaka tulilazimika kuitoa filamu nzuri asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu mama mmoja alipigwa picha akiwa uani kwake bila ya kujua. Mtengenezaji alilia. Lakini mama yule alikuwa aje kukaa jamvini na majirani zake wote.

5. Chagueni mkiwa mbalimbali

Kila mjumbe aangalie peke yake kwanza, aandike alama, ndipo mkutane. Mkiangalia pamoja, mwenye sauti kubwa huwachagulia wote. Mimi hutumia maswali matatu tu: Nimeelewa nani anataka nini? Nimesikia kila neno? Kuna picha moja ambayo kesho nitaikumbuka? Mwangaza mbaya, kamera inayotikisika, mavazi ya kuazima, hayo nayasamehe kwa anayeanza. Sauti isiyosikika siisamehi, kwa sababu watu mia mbili hawataisamehe.

Rafiki yako atakuomba umpitishe. Jibu analo mjumbe asiyemjua.

Uliowakatalia wapigie simu, usiwaandikie. Mpe kila mmoja sababu moja anayoweza kuirekebisha, na umwalike aje kutazama. Nusu yao hurudi mwaka unaofuata na kitu bora.

6. Panga mfuatano

Filamu nane zenye jumla ya dakika 65 hadi 75. Fungua na nyepesi inayoeleweka hata na aliyechelewa kukaa. Ndefu kuliko zote iweke ya tatu au ya nne, watoto hawajaanza kusinzia. Nzito, ile ya talaka au ya mtu aliyezama, iwe ya pili kutoka mwisho. Malizia na ya kuchekesha. Usiweke filamu mbili za jini moja baada ya nyengine. Utapokea filamu za jini nyingi, nakuhakikishia.

7. Skrini: ukuta kwanza, kitambaa baadaye

Skrini rahisi na nzuri kuliko zote tunazo tayari: ukuta uliopigwa chokaa. Hauna mng'aro, haupepei, na chokaa ya kupiga ukuta wa darasa ni bei ya soda chache. Ukipata ukuta wa skuli usio na dirisha, upige mikono miwili wiki moja kabla, umemaliza. Paka rangi nyeusi ukingo wa upana wa kiganja kuzunguka picha. Picha itaonekana imekaza.

Ukikosa ukuta, shona kitambaa cha merikani, kisha nyuma yake shonea kitambaa cheusi kile cha mabuibui. Bila weusi huo nyuma, mwanga mwingi hupita upande wa pili na watoto huenda kuangalia filamu kinyume, maandishi yakisomeka kutoka kulia. Wao hufurahi sana. Wewe hutafurahi.

Kitambaa cha mita tatu ni tanga. Miezi ya kusi nimeona miti miwili ya mivinje ikiinama kama mlingoti. Kwa hivyo kazi ya kufunga usimpe fundi umeme, mwite baharia. Atatia kamba juu, chini na ubavuni, atakufungia fundo ambalo halilegei usiku kucha na asubuhi linafunguka kwa kidole kimoja. Skrini yenyewe iweke chini ya kivuli cha jengo, upepo uvunjike nyuma yake.

Umbali wa projekta usiukisie. Kwenye kijitabu chake kuna namba ya uwiano, kwa mfano 1.5. Zidisha kwa upana wa picha: 1.5 mara mita 3 ni mita 4.5. Projekta ikae hapo, juu ya meza imara, ikitazama skrini moja kwa moja. Ukiiinamisha picha inakuwa kama mdomo wa ngalawa, na ukiinyoosha kwa mitambo unapoteza ukali wake. Zungushia meza kamba, ama kila dakika utaona kivuli cha kichwa.

8. Sauti

Ukiwa na fedha za kukodi kitu kimoja tu kizuri, kodi spika. Ziweke mbili, pembeni mwa skrini, juu ya viti au stendi ili sauti ipite juu ya vichwa. Zikiwa chini, safu ya mbele inazibwa masikio na ya nyuma haisikii kitu.

Kila filamu huja na ukubwa wake wa sauti. Mmoja ananong'ona, anayefuata anapiga kelele. Wakati wa majaribio cheza kila filamu dakika mbili, simama pale watakapokaa wa mwisho, na uandike namba ya miksa mbele ya jina la filamu: ya kwanza 6, ya pili 4, ya tatu 7. Karatasi hiyo ibandike juu ya miksa. Usiku hutakumbuka.

Projekta, spika mbili na kompyuta hazifiki wati 1,000 kwa pamoja, kwa hivyo jenereta ndogo inatosha. Iweke mita 30 nyuma ya jengo, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu. Pemba tumeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010 na mambo yamekuwa mengine kabisa kuliko enzi za mashine za Wesha, lakini sijawahi kufanya tamasha bila ya jenereta, na mara mbili imeniokoa.

9. Majaribio kamili, usiku wa kabla

Usiku, si mchana. Mchana huioni taa ya barabarani.

Weka filamu zote kwenye kompyuta, usicheze kutoka kwenye flashi. Zipe majina yenye namba mbele: 01, 02, 03. Tumia VLC, programu ya kuchezea video. Zima masasisho, zima arifa, toa laini ya simu kwenye modemu. Niliwahi kuona, katikati ya filamu ya mazishi, ujumbe wa mapenzi ukijitokeza pembeni mwa skrini mbele ya kijiji kizima. Mwenye kompyuta alihamia Unguja miezi miwili baadaye. Sisemi ni kwa sababu hiyo.

Angalia flashi pia. Nyingi zimepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na hizo hazipokei faili linalozidi GB 4. Ujumbe wake husema nafasi haitoshi au faili ni kubwa mno, na mtu anahangaika kufuta picha zake bure. Ipange upya kwa exFAT, baada ya kutoa vitu vyako.

Zunguka na mwalimu mtafute swichi ya ile taa ya paa. Ikikosekana, pata ngazi, ivishe ndoo.

10. Usiku wenyewe

Majamvi mbele kwa watoto, mikeka katikati, viti nyuma kwa wazee. Muulize sheha desturi ya pale kuhusu wanawake na wanaume kukaa. Kwetu huwa na njia katikati na upande wa kina mama wenye mlango wao wa kutokea, na hakuna anayeona tabu. Wauza urojo, bajia na juisi ya miwa wakae nyuma kabisa, na mashine ya miwa izimwe filamu ikianza.

Hotuba isizidi dakika tano, zote kwa jumla. Mwambie sheha mapema, kwa adabu: "Mheshimiwa, tunakuomba utufungulie kwa maneno mawili, watoto wana usingizi." Ataelewa.

Baada ya kila filamu, washa taa moja ndogo, mwite mtengenezaji, mpe maiki. Maswali mawili au matatu, dakika nne. Usiwaulize watu "kuna swali?" maana watanyamaza. Mchague mtu uliyezungumza naye kabla, hasa mtu mzima, ndiye afungue. Kuna bibi mmoja alisimama baada ya filamu ya mtoto aliyekwenda kuangua madafu ayauze amnunulie dawa mama yake mgonjwa. Filamu ilipigiwa makofi sana. Bibi akashika maiki kama anashika mwiko. "Mwanangu, nzuri. Lakini yule mtoto kapanda mnazi, kashuka na madafu manne mkononi. Kashuka na nini?" Kimya. Kisha uwanja mzima ukaangua kicheko, na mtengenezaji naye. Alikuwa hajapiga picha ya kushuka. Alikata tu akamuweka chini. Kijana yule alijifunza uhariri kwa swali moja, na filamu yake iliyofuata ndiyo tuliyoipeleka nje ya kisiwa.

Mtengenezaji mwenye haya kaa naye ubavuni. Anayejitetea sana mkate kwa upole. Mtazamaji akitaka kuhutubia, mshukuru na uichukue maiki mkononi mwake huku unatabasamu.

Tuzo iwe moja, ya watazamaji. Mwanzo tulimpa kila mtu kokoto ya kutia kwenye ndoo ya filamu aipendayo. Ardhi ya uwanja imejaa kokoto. Filamu ya mtu mwenye wadogo zake wengi ilipata kura zaidi ya watu waliokuwepo. Sasa tunatumia vipande vya karatasi vyenye muhuri. Na zawadi iwe kitu cha kumsaidia kutengeneza filamu inayofuata: maiki ndogo ya kubana kolani ni bora kuliko kikombe cha dhahabu ya plastiki.

Mambo yakiharibika

*Picha ipo, sauti haipo.* Kompyuta inapeleka sauti kwenye projekta kupitia HDMI. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua ile ya tundu la spika. Tisa kwa kumi ni hili.

*Kuna mngurumo kwenye spika.* Waya wa sauti unapita sambamba na wa umeme, au kompyuta na spika zinatumia soketi tofauti zilizo mbalimbali. Zitie zote kwenye ekstensheni moja. Bado? Chomoa chaja ya kompyuta, itumie betri.

*Midomo na sauti haziendi pamoja.* Kama ni filamu moja tu, kasoro iko kwenye faili. VLC ina vitufe vya kusogeza sauti, J na K, jaribu taratibu. Kama ni zote, kompyuta imechoka. Hamia ya akiba.

*Umeme umekatika.* Projekta ya taa ya kawaida isiwashwe tena papo hapo, iache ipoe dakika chache kwanza. Mpe mtengenezaji nafasi aendelee kujibu maswali kwa sauti ya mdomo. Watu hawataondoka.

*Kumbikumbi.* Mvua ikinyesha mchana, usiku watajaa kwenye mwanga wa projekta na kwenye skrini. Washa taa kali mita ishirini pembeni dakika kumi kabla ya kuanza, watahamia huko. Kuku wa jirani watakushukuru asubuhi.

*Mvua.* Turubai la mitambo liwe limekunjwa chini ya meza, si ndani ya gari. Funika, zima kwenye soketi, subiri nusu saa. Ikiendelea, hamieni darasani na muonyeshe kwa zamu mbili.

*Mzee amekasirishwa na kipande cha filamu.* Usibishane naye kwa maiki. Mjumbe mwanamke yule mtu mzima aende kukaa naye. Kesho yake nenda wewe nyumbani kwake.

*Watu wachache.* Ikifika saa 2:15 na jamvi ni tupu, peleka watoto wawili na ngoma wazunguke vichochoroni. Usichelewe zaidi ya hapo. Waliofika kwa wakati ndio wenye tamasha.

*Mtengenezaji hakutokea.* Cheza filamu yake mwisho, bila maswali, na bila haki ya tuzo. Ilikuwa kanuni.

Asubuhi ya pili, kabla ya kulala, kunjeni majamvi na muyakung'ute vizuri. Soda ikimwagika juu ya jamvi la karafuu, lioshe na ulianike juani siku hiyohiyo, maana karafuu zikianikwa juu ya sukari hunata na mwenyewe atazirudisha kwako. Mrudishie kila mtu lake, kwa mkono, na umtajie ni filamu gani ilishinda. Sisi huandika jina la nyumba kwa chaki nyuma ya kila jamvi tunapoliazima. Mwaka tuliosahau, tulizunguka na majamvi kumi na saba juu ya gari ya ng'ombe mpaka Adhuhuri, na moja bado liko kwangu.